Maharage ya Mzee Theonest wa Boko

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama mpo jikoni, endeleeni na shughuli zenu, sauti itawafuata huko huko. Kama mpo dukani, ongezeni sauti kidogo, mteja naye asikie.

Leo tunamkumbuka mkazi mmoja wa Boko, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Jina lake ni Theonest Mutalemwa. Hakuwa mwanasiasa. Hakuwa mwanamuziki. Hakuwahi kuhojiwa na redio yoyote, na mkewe anasema hata angeombwa angekataa. Alikuwa karani mstaafu. Amefariki wakati wa mvua hizi za masika, kwa ugonjwa wa nimonia, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Tunamkumbuka kwa sababu ya maharage. Ndiyo, mmesikia vizuri. Maharage.

Mzee Theonest alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akapanga chumba Chang'ombe, akapata kazi ya ukarani kwenye bohari la vitambaa huko huko. Kazi hiyo hiyo ndiyo aliyostaafia. Waliofanya naye kazi wanamkumbuka kwa mashati yaliyonyooka kwa pasi na kwa uchache wa maneno. Akiulizwa jambo, alijibu hilo aliloulizwa, basi. Hakuongeza.

Alimwoa Kokushubila, mwalimu wa shule ya msingi. Walijenga Boko wakati bado kuna vichaka. Wakapata watoto wawili. Daniel yuko Mwanza na familia yake. Vaileth alikuwa akikaa na wazazi, akifanya kazi ya ofisini Kinondoni.

Katika nyumba ile, mpishi alikuwa mmoja. Kokushubila. Mzee Theonest alilelewa akijua kwamba jikoni si mahali pa mwanamume, na hakuwahi kuona sababu ya kulifikiria upya jambo hilo.

"Baba alikuwa hajui hata chumvi inakaa wapi," anatuambia Vaileth. "Mama akisafiri, baba alikuwa anakunywaga chai na mkate mpaka mama arudi. Asubuhi chai na mkate. Mchana chai na mkate."

Na maharage ya Kokushubila yalikuwa na sifa mtaani. Aliyachemsha mpaka yakawa laini, akayaunga kwa kitunguu, kisha akamalizia kwa samli kutoka kwao Kagera. Samli hiyo ilitumwa na kaka yake, Deogratias, ikija na basi ndani ya dumu. Maharage yakiwekwa mezani, samli ilikuwa inaelea juu, ya rangi ya dhahabu. Ndizi zilizopondeka upande mmoja, maharage upande wa pili. Mzee Theonest alikula chakula hicho maisha yake yote ya ndoa, na hakuwahi kukisifia. Kwake kusifia kulikuwa ni kupoteza muda wa kula.

Kisha Kokushubila akaanza kuumwa.

Kila baada ya kula, hasa chakula chenye mafuta, alishikwa na maumivu upande wa kulia, chini ya mbavu. Maumivu yalipanda mpaka begani. Alidhani ni vidonda vya tumbo. Akanywa dawa za vidonda vya tumbo, hazikumsaidia. Siku moja maumivu yalimlaza sakafuni sebuleni, Theonest akakodi bajaji, wakaenda hospitali. Vipimo vikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Dawa yake ilikuwa upasuaji. Lakini Kokushubila alikuwa na presha, na moyo wake haukuwa umetulia. Daktari akasema upasuaji usubiri.

"Tuutulize moyo kwanza," alisema. "Wakati huu, mafuta aache."

"Mafuta yapi, daktari?" Theonest aliuliza.

"Yote, mzee. Samli, nazi, mafuta ya kupikia, ngozi ya kuku. Aache."

"Na maharage?"

"Maharage ale, yatampa nguvu. Ila yasiungwe kwa mafuta."

Hapa nisimame kidogo, wasikilizaji wapendwa. Hayo yalikuwa maelekezo ya daktari kwa mgonjwa wake mmoja. Wewe mwenye tatizo lako, daktari wako ndiye anayekujua. Mtu asije akasema redio ndiyo iliyomtibu.

Waliporudi nyumbani, Vaileth alishika jiko. Alinunua sufuria ndogo kwa ajili ya mama yake. Ikawa hivi: sufuria kubwa ya nyumba, na sufuria ndogo ya mgonjwa. Kwenye sufuria kubwa maharage yaliungwa kama zamani. Kwenye sufuria ndogo yalikuwa chukuchuku, maji na chumvi.

"Nilifanya kwa upendo," anasema Vaileth. "Nilikuwa naogopa tone la mafuta lisije likarukia kwake. Hata mwiko wake niliutenga."

Lakini Kokushubila alianza kukonda. Gauni lake la kanisani likawa linamning'inia. Akiulizwa, alisema ameshiba. Walipomrudisha kliniki, daktari alimpima uzito na uso wake ukabadilika. Alimwita Theonest pembeni. Akamwambia wazi kwamba mgonjwa akiendelea kuisha namna ile, hata moyo ukitulia, hawataweza kumpasua. Mwili hautahimili.

Kwa hiyo mambo yalisimama hapo. Kokushubila anahitaji upasuaji. Upasuaji unahitaji mwili wenye nguvu. Na Kokushubila hali.

Mchana mmoja Mzee Theonest alizunguka nyuma ya nyumba kuangalia bomba la maji. Huko wanafuga kuku. Akamkuta mkewe amesimama kwenye uzio wa banda, sahani mkononi, anamimina maharage yake. Kuku walikuwa wamejipanga kama watu waliozoea.

Hakupiga kelele. Alisubiri mpaka mkewe alipogeuka.

"Mama Vaile," alisema, "kwa nini huli?"

"Nimeshiba."

"Walioshiba ni kuku. Nakuuliza wewe."

Kokushubila alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mzee Theonest akabaki amesimama, mikono nyuma, kama alivyosimama siku zote. Hakuondoka.

"Unadhani nalilia samli?" mkewe alisema mwishoni. "Si samli, Baba Vaile. Nimepika nyumba hii tangu haijawekwa milango. Leo nina sufuria yangu. Nina mwiko wangu. Nikinyoosha mkono mezani, Vaile anasema, mama, usiguse hicho, chako kile pale. Wageni wakiwepo anasema hivyo hivyo. Mie mtu mzima natengwa kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Naona afadhali nikae na njaa yangu."

Kokushubila mwenyewe ndiye aliyetusimulia haya. Anasema mumewe alikwenda bombani, akafungua maji, akafunga. Akafungua tena, akafunga. Yeye alikuwa ameamini tatizo ni ladha. Siku zote zile alikuwa amekaa meza moja na mkewe, anakula ya samli, na hajawahi kuinua macho kutazama sahani ya pili ina nini. Baadaye alimwambia mkewe kwamba siku ile aliona aibu kwenda kula.

Jioni alizungumza mezani.

"Kuanzia kesho, nyumba hii ina sufuria moja. Anachokula mama yenu ndicho tunachokula wote."

"Baba, sie wote tule chukuchuku?" Vaileth aliuliza.

"Hakuna atakayekula chukuchuku. Nitapika mie."

Vaileth alicheka. "Nilidhani anatania," anasema. "Halafu nikakumbuka baba hataniagi."

Kesho yake Mzee Theonest aliingia jikoni na shati lake la pasi. Alichemsha maharage. Alipoona yameiva, alichukua kila kopo la unga wa kiungo aliloliona kabatini, akatia kijiko kimoja kimoja. Mchuzi ukawa wa kijani na kahawia, na unga ukaelea juu mbichi. Vaileth alikula vijiko viwili, akakumbuka kwamba ana kazi ya ofisi ya kumalizia. Kokushubila alijikaza, akala nusu sahani.

"Asante, Baba Vaile," alisema.

Theonest alimfahamu mkewe. Kokushubila hakuwa mtu wa kushukuru kwa chakula, alikuwa mtu wa kukikosoa. Ile asante ilikuwa ya kumhurumia. Ilimchoma.

Sasa jirani yao hapo Boko ni Bwana Abdulsamad, mfanyabiashara wa viungo na nafaka. Ukoo wake ni wa Waarabu walioishi na kufanya biashara mjini kwa vizazi vingi. Duka lipo mbele ya nyumba, na mkewe, Bi Widad, ndiye anayekaanga na kusaga viungo vya pilau wanavyouza. Mzee Theonest alikuwa akinunua mchele pale, anasalimia, anaondoka. Siku hiyo hakuondoka.

"Shikamoo, Mzee Theo," Bi Widad alimwamkia.

"Marahaba. Nina shida ya maharage."

"Maharage yapo," akadakia Abdulsamad. "Ya njano, ya Kigoma. Yameingia juzi."

"Ya kununua ninayo. Ya kupika ndiyo yananishinda."

Wakacheka wote wawili. Theonest akawaeleza. Yasiwe na mafuta. Yasiwe na nazi.

"Nazi nayo isiwepo?" Bi Widad alishangaa. "Mzee Theo, mie toka nizaliwe sijala maharage yasiyo na tui. Hicho si chakula, hiyo adhabu!"

"Kokushubila hali," alisema Theonest. "Anawamwagia kuku."

Bi Widad akaacha kucheka. Waliwahi kusikia kwamba jirani yao anaumwa. Hawakujua kwamba imefika huko.

"Haya," alisema. "Njoo kesho, tutafute la kufanya."

Tulipomtembelea Bi Widad nyumbani kwake, alitueleza alivyolifikiria jambo lile.

"Nilijiuliza, kwani mafuta yanafanya nini kwenye chungu? Yanatoa harufu ya kiungo. Na yanaufanya mchuzi uwe mzito mdomoni. Basi. Nikasema, harufu nitaitoa kwa moto mkavu. Uzito nitautoa kwenye maharage yenyewe."

Somo lilifanyika uani kwa Bwana Abdulsamad, kwenye jiko la mkaa, na mwenye nyumba amekaa kwenye kiti chake pembeni. "Mfundishe," alimwambia mkewe, "lakini na mie sahani yangu iwepo."

Wasikilizaji wapendwa, ninaeleza polepole, maana najua kuna watu wanataka kujaribu.

Maharage yalichambuliwa, yakalowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa. Yakachemshwa kwa maji mapya pamoja na kipande cha tangawizi, mpaka yakabonyea kati ya vidole. Chumvi ikaja mwishoni. Mpaka hapo Mzee Theonest hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuja kwenye bizari.

Bi Widad alimpa bizari nyembamba, mbegu za giligilani, karafuu chache na kijiti cha mdalasini. Akamwambia avikaange kwenye kikaango kikavu. Bila tone la mafuta. Theonest alivikodolea macho akisubiri vibadilike rangi. Vikabadilika. Moshi ukatoka.

"Hiyo umeiua," alisema Bi Widad. "Mwaga."

Akaanza upya. Ikaungua tena.

"Tumia pua, mzee, siyo macho. Ikianza kunukia tu, shusha."

Mara ya tatu alifumba macho. Alipoinua kikaango kutoka motoni, Abdulsamad alisema kutoka kwenye kiti chake, "Hapo sasa."

Wakavitwanga kwenye kinu. Kisha kitunguu. Kitunguu kilikatwa kidogo kidogo, kikatiwa kwenye sufuria nzito iliyopata moto, peke yake. Kikaanza kushika chini. Theonest akataka kuepua.

"Acha kishike. Sasa kijiko cha maji, koroga. Kikishika tena, kijiko tena."

Akafanya hivyo mara nyingi, jasho likilowesha kola ya shati, mpaka kitunguu kikawa cha kahawia na kitamu kama kilichokaangwa. Akatia kitunguu saumu, tangawizi, manjano, na nyanya zilizokunwa. Akakoroga mpaka nyanya ikakauka. Viungo vilivyotwangwa vikaingia. Kisha maharage na supu yake. Bi Widad akamwonyesha kuchota upawa mmoja, kuyaponda maharage yale ubavuni mwa sufuria, na kuyarudisha. Mchuzi ukashikana. Maji ya ukwaju kidogo. Pilipili mbuzi nzima ikawekwa juu, isipasuke, itoe harufu tu. Mwisho majani ya giligilani.

Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi. Viungo vikaangwe vikavu mpaka vinukie. Kitunguu kikaangwe kwa kijiko kijiko cha maji. Maharage kidogo yapondwe ili mchuzi uwe mzito. Hayo ndiyo mambo ambayo Mzee Theonest alikuja kuyasema kwa yeyote aliyemuuliza, na hakuongeza mengine.

Abdulsamad alionja. Akaonja tena. "Widad," alisema, "na sie Ijumaa utupikie haya."

Siku ya pili Theonest alipika nyumbani kwake, peke yake. Kokushubila alikuwa chumbani amelala. Alitoka akiwa ameshika ukuta.

"Nani anapika pilau?" aliuliza.

"Hakuna pilau. Maharage."

Wakakaa mezani. Sufuria moja katikati. Theonest akapakua, sahani ya kwanza ya mkewe, ya pili ya binti, ya tatu yake. Kokushubila hakuanza kula. Aliangalia sahani ya Vaileth. Akaangalia ya mumewe. Kisha akachukua kijiko.

Alikula mpaka sahani ikaonyesha maua yake. Akafuta mdomo.

"Pilipili imepungua," alisema.

Mzee Theonest alisimulia habari ile mara nyingi, na kila alipoisimulia alitabasamu sehemu hiyo. Mkewe alikuwa amekosoa chakula.

Tusidhani kila kitu kilikwenda sawa tangu hapo. Vaileth anakiri kwamba wiki za mwanzo alikuwa akipitia chipsi mayai njiani akitoka kazini, halafu nyumbani anagusagusa tu. Alizoea taratibu. Lakini jambo lililomgonganisha na baba yake lilikuwa lingine, na lilihusu posa yake mwenyewe.

Vaileth alikuwa na mchumba, Fransis, fundi umeme anayefanya kazi Kinyerezi. Fransis alileta taarifa kwamba wazee wake watakuja. Baba yake, Mzee Albano, angesafiri kutoka Songea. Upande wa mama wa binti, Deogratias akapanda basi kutoka Bukoba, mkononi na dumu la samli.

Deogratias alipoambiwa habari ya sufuria moja, aliweka dumu chini.

"Shemeji, wageni wa posa hawalishwi maharage ya hospitali. Watasema tumefilisika."

"Baba, siku hiyo moja tu," Vaileth aliomba. "Mama tumwekee chake chumbani, apumzike. Utaniaibisha mbele ya wakwe."

Kokushubila naye akasema, "Niacheni nikae chumbani. Siku ya mwanangu sitaki kuiharibu."

Waliungana wote watatu. Mzee Theonest aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Mama wa binti atakaa na wageni wake," alisema. "Atakula wanachokula."

Alikubali ndizi, wali na samaki wa kuchoma. Kingine hakukubali. Vaileth alilia, na asubuhi ya siku ya posa hakumsalimia baba yake. Anasema hilo bado linamkera. Binti wa Kihaya kumpita baba yake asubuhi bila shikamoo ni jambo kubwa. Theonest alikuwa anatwanga viungo.

Wageni walifika. Mazungumzo ya wazee yakaisha salama. Chakula kikaletwa. Kokushubila alikaa mezani karibu na mama yake Fransis, akiwa amevaa kitenge kipya, sahani yake haina tofauti na ya mtu yeyote. Watu wakala. Mzee Albano akamaliza, akavuta bakuli la maharage, akajiongezea. Kisha akajiongezea tena.

"Mama Vaile," alisema, "maharage haya mmeyaunga na nini?"

Vaileth anasema aliinamisha kichwa. Alijua sasa ndiyo sasa.

"Muulize mwenye nyumba," Kokushubila alijibu. "Mie nimekula tu kama wewe."

Mzee Albano akamgeukia Theonest. Deogratias akajaribu kupoza mambo kwa kicheko. "Shemeji yangu siku hizi amehamia jikoni!"

"Ameanza lini?" aliuliza Mzee Albano.

"Tangu mke wangu alipoacha kula," alisema Theonest.

Hakuna aliyecheka. Mzee Albano aliweka kijiko chini, akamtazama Theonest, akamtazama Kokushubila. Kisha akakichukua kijiko chake.

"Basi niongezeeni na wali," alisema.

"Nilimwangalia mama," anasema Vaileth. "Alikuwa anaongea na mama mkwe wangu, chakula kimejaa mdomoni, anacheka. Ile hasira yangu sijui iliishia wapi. Nilikwenda jikoni nikamwambia baba, shikamoo. Ilikuwa saa tisa alasiri. Akaitikia marahaba kana kwamba ndio asubuhi."

Mwili wa Kokushubila ulirudi kidogo kidogo. Moyo ukatulia. Mwaka ule ule akafanyiwa upasuaji, mfuko wa nyongo ukatolewa, akapona. Daktari akamruhusu mafuta kidogo. Siku ya kwanza ya ruhusa hiyo alitia kijiko cha samli ya kaka yake kwenye ndizi, na anakiri kilikuwa kitamu mno. Lakini maharage hayakurudi kwenye samli.

"Mie ndiye niliyekataa," anasema. "Nilishayazoea ya mzee."

Na mzee hakutoka jikoni. Habari zilienea kanisani kwao. Clara, mwenyekiti wa jumuiya yao, anakumbuka wanaume wakimsubiri Theonest nje baada ya misa, wengine wana wake wagonjwa, wengine wameambiwa na madaktari wao wenyewe wapunguze mafuta. "Walikuwa wanaona haya kuuliza," anasema Clara. "Wanaanza kwa kuulizia mvua, wanaulizia mpira, mwisho wanafika kwenye kitunguu."

Vaileth alifunga ndoa, akahamia Kinyerezi. Wazee wakabaki wawili Boko.

Masika ya mwaka huu, Mzee Theonest alishikwa na kikohozi. Hakutaka kwenda hospitali. Alipokubali, mapafu yalikuwa yameshajaa. Alilazwa. Chakula cha wodini hakikumpita kooni.

Kokushubila akawasha jiko. Alipika maharage, akayatia kwenye hotipoti, akaenda nayo. Akamsaidia mumewe kukaa, akamlisha kijiko cha kwanza.

"Nani kapika?" Theonest aliuliza.

"Mie."

"Chumvi imezidi."

"Imezidi sana?"

"Kidogo."

Akafungua mdomo apewe kijiko kingine. Alikula yote.

"Niliyaonja yaliyobaki nyumbani," anasema Kokushubila. "Chumvi haikuzidi. Labda homa ilimharibia ulimi. Au alikuwa ananichokoza. Sikupata nafasi ya kumuuliza."

Mzee Theonest Mutalemwa alifariki asubuhi ya siku iliyofuata. Amezikwa hapa hapa Dar es Salaam, kama alivyotaka mwenyewe. Deogratias alikuja tena kutoka Bukoba. Mzee Albano alikuja kutoka Songea. Bwana Abdulsamad na Bi Widad walikuwa pale msibani tangu turubai linafungwa mpaka lilipofunguliwa.

Kwa Mama Kokushubila, pole sana. Kwa Daniel na familia yake Mwanza, poleni. Kwa Vaileth na Fransis, kwa ndugu wa Kamachumu, kwa majirani wa Boko, na kwa makarani wenzake wa zamani wa Chang'ombe, poleni. Mungu awape nguvu, naye mzee ampumzishe kwa amani.

Na sisi tuliobaki tutafakari. Mzee huyu hakuwa msemaji, wala hakuwa mpishi. Alimwona mtu wa nyumbani kwake hali, akamuuliza kwa nini. Alipojibiwa kwamba ameshiba, hakuondoka. Alisimama pale pale mpaka akapewa jibu lenyewe.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza sasa hivi, kama humo ndani kuna mtu ambaye sahani yake inarudi imejaa, na kila siku anakwambia ameshiba, usisubiri nimalize. Zima redio, uende ukamuulize.